Umehamia Uingereza? Hivi ndivyo unavyopima selimundu

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), na kila wiki nakutana na Mtanzania, Mkongomani au Mganda anayeniambia alishapima, damu yake ni O chanya. Hilo ni kundi la damu, ndugu yangu. Ninachokuuliza ni himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni: AA huna kitu, AS umerithi kwa mzazi mmoja na unabeba tu, SS unaugua.

1. Jiandikishe kwa daktari wa familia, yule wanayemwita jipii. Pasipoti, bili ya umeme na karatasi za uhamiaji si sharti. Mapokezi wakikudai, waambie kwa upole kwamba taratibu za NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, haziwaruhusu kukukataa kwa kukosa hivyo. Kumwona jipii ni bure hata kama kibali hakijatoka. (Hospitali ina taratibu zake za malipo, ila wakimbizi na walioomba hifadhi hawalipishwi.) Mkalimani pia ni bure, muombe unapopanga miadi. Usimtumie mwanao. Nimeshuhudia binti wa miaka kumi akitafsiri "mbebaji" kuwa "mgonjwa", mama mtu akalia nusu saa bure.

2. Sema unataka kipimo kinachoonyesha aina za himoglobini. Kile cha haraka cha kule nyumbani Afrika, cha damu kuchanganywa na dawa na kuangalia kama imefanya ukungu, hakitofautishi AS na SS. Kama uliongezewa damu miezi minne iliyopita au karibu zaidi, taja, maana tutakuwa tunapima na damu ya aliyekuchangia.

3. Una mimba? Muone mkunga mapema, kipimo kifanyike kabla ya wiki ya 10. Akikuuliza asili ya familia, taja zote. Watu wa pwani husahau bibi Mhindi au babu wa Oman, na thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, inapita huko huko.

4. Ukionekana AS, baba wa mtoto ataitwa apime. Hapa ndipo kazi ilipo. "Mimi mzima, dada, kila Jumapili nacheza mpira." Sawa, AS wengi wanacheza mpira. Lakini mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS. Kila mimba! Mkishapata mmoja mgonjwa haina maana watatu wanaofuata wamesalimika.

5. Mtoto akifikisha siku 5, mkunga humchoma kisigino na kujaza damu kwenye viduara vinne vya kadi. Mvalishe soksi mapema. Mguu wa baridi hautoi damu, atachomwa mara mbili. Mliingia nchini akiwa hajatimiza mwaka? Muulize jipii, bado anaweza kupimwa hivyo. Mkubwa zaidi, rudi hatua ya 2. Akiwa SS, penisilini ianze kabla ya miezi 3, asubuhi na jioni, hata akiwa anacheka.

6. Usikubali "majibu yako sawa." Omba barua yenye herufi zenyewe, ipige picha, itunze kwenye simu. Walioomba hifadhi huhamishwa mji ghafla, na faili halifiki siku ile ile. Mwenye SS akifika dharura na maumivu, aonyeshe picha hiyo mapokezi kisha aangalie saa: mwongozo wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu hapa, unataka apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30.