Namna ya Kutambua Vimelea vya Magonjwa Vinavyobebwa na Kupe wa Mifugo

Ng'ombe akiwa na homa kali, mitoki imevimba na kupe wamejaa masikioni, wengi humaliza uchunguzi papo hapo kwa kusema ni ndigana, kisha wakatafuta sindano. Mara nyingi huwa wamepatia. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki mnyama mmoja huweza kuwa na vimelea vya aina mbili au tatu kwa wakati mmoja, na dawa ya kimoja haimalizi kingine: buparvakwoni inayotibu ndigana kali haitibu ndigana baridi, ambayo huhitaji oksitetrasaiklini, wala haitibu ugonjwa wa kukojoa damu, ambao hutibiwa kwa diminazini au imidokabu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maafisa mifugo, wanafunzi wa tiba ya mifugo na wafugaji wanaotaka kuelewa kinachofanyika tangu kupe anapong'olewa kwenye ngozi hadi jibu la maabara linapotolewa.

Magonjwa makuu ya ng'ombe yanayoenezwa na kupe katika eneo letu ni manne. Ndigana kali husababishwa na protozoa (kimelea cha seli moja) aitwaye Theileria parva, ambaye huenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, Rhipicephalus appendiculatus. Ndigana baridi husababishwa na bakteria Anaplasma marginale, ambaye hubebwa hasa na kupe wa bluu, Rhipicephalus decoloratus, pamoja na jamaa yake Rhipicephalus microplus, ingawa nzi wanaouma na sindano iliyotumiwa kwa mnyama zaidi ya mmoja pia huweza kumhamisha. Ugonjwa wa kukojoa damu hutokana na Babesia bigemina, ambayo huenezwa na kupe hao wote wawili, au Babesia bovis, ambayo katika eneo hili humtegemea Rhipicephalus microplus. Ugonjwa wa maji moyo hutokana na Ehrlichia ruminantium, bakteria anayebebwa na kupe wakubwa wenye mabaka ya rangi, Amblyomma variegatum, naye huwasumbua sana mbuzi na kondoo pia.

Kazi huanza kwa kukusanya kupe, na glovu zivaliwe wakati wote, kwa kuwa baadhi ya kupe, hasa wa jenasi Hyalomma, hubeba virusi vya homa ya kutokwa na damu ya Krimea na Kongo vinavyoweza kumuua binadamu. Kupe asipasuliwe kwa kucha hata kidogo. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota ili sehemu za mdomo zisikatike, kwani bila hizo ni vigumu kumtambua kwa spishi. Kagua ndani ya masikio, shingoni, tumboni, kwenye kiwele au korodani, na kuzunguka mkundu, kwa sababu kila aina ina mahali pake na aliyekagua masikio peke yake atawakosa Amblyomma walio kwenye kiwele. Kupe wa kila mnyama wawekwe katika chupa yao yenye ethanoli ya asilimia 70, na lebo iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka katika pombe. Formalini isitumike, kwa kuwa huharibu vinasaba na kuwapa watu wa maabara kazi isiyo na tija.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ripoti nyingi hulipuuza. Kupe aliyeng'olewa kwa ng'ombe akiwa ameshiba amejaa damu ya ng'ombe huyo, na vimelea vitakavyopatikana tumboni mwake huenda ni vya ng'ombe, si vya kupe. Kumkuta Theileria parva au Anaplasma katika kupe wa namna hiyo hakuthibitishi kwamba kupe huyo ana uwezo wa kuambukiza. Anayetaka kujua kupe wenyewe wamebeba nini awatafute kupe wenye njaa malishoni kwa kuburuta kitambaa cheupe juu ya nyasi na kuwaokota walionasa. Njia hii huwapata vizuri kupe wa kahawia, ambao hupanda kwenye ncha za majani kumsubiri mnyama, lakini huwakosa Amblyomma wengi waliokomaa, kwani hao humfuata mnyama kwa miguu yao.

Hatua ya ukuaji wa kupe nayo ni ushahidi. Theileria parva hupita kutoka lava (kupe mchanga aliyetoka kwenye yai) hadi tunutu (hatua ya kati), na kutoka tunutu hadi kupe mpevu, lakini haipiti kwenye mayai. Kwa hiyo maabara ikisema imeipata katika lava ambao hawajawahi kunyonya damu, jambo la kwanza la kushuku ni uchafuzi wa sampuli. Babesia ni kinyume chake, kwa kuwa jike la kupe wa bluu huirithisha kwa mayai yake, na lava mwenye njaa aliyekutwa na Babesia ni ushahidi mzito sana. Kwa Theileria, kipimo bora cha uwezo wa kuambukiza ni kupasua tezi za mate za kupe mpevu na kuzitia rangi, ila sporozoiti, yaani hatua ya kimelea inayomwambukiza mnyama, huwa hazijakomaa mpaka kupe awe amenyonya kwa siku tatu hadi tano, na ndiyo maana maabara za utafiti huwalisha kupe kwanza juu ya sungura.

Kwa mnyama mgonjwa, kipimo cha haraka na cha gharama nafuu bado ni hadubini. Toboa ncha ya sikio au ya mkia, chukua tone la kwanza la damu, ulitandaze kuwa utando mwembamba juu ya kioo, na uuache ukauke kwa hewa mahali pasipo na nzi. Damu ya mishipa midogo ya pembeni hupendekezwa kwa sababu Babesia bovis hujificha humo na huwa haba katika damu ya shingoni. Kaza utando juu ya kioo kwa methanoli kwa dakika tatu hadi tano, utie rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa muda wa nusu saa, uusuuze, kisha uutazame kwa lenzi ya mara 100 yenye mafuta. Anaplasma marginale huonekana kama nukta nzito ya zambarau kwenye ukingo wa seli nyekundu. Babesia bigemina ni jozi za umbo la pea zinazokutana kwa pembe kali, na jozi za Babesia bovis ni ndogo zaidi na pembe yake ni pana. Theileria ndani ya seli nyekundu ni vijiti na nukta ndogo mno, na kwa umbo peke yake huwezi kuitenga Theileria parva na Theileria mutans, ambayo kwa kawaida haina madhara makubwa.

Asiyezoea asijilaumu, maana hata Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa bakteria kutoka Ujerumani, alipoviona vimelea hivyo vidogo katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, alidhani ni hatua changa ya Babesia. Makosa ya kawaida leo ni madogo zaidi: punje za rangi ambayo haikuchujwa, na mabaki ya kiini katika seli changa za mnyama mwenye upungufu wa damu, ambayo hufanana mno na Anaplasma.

Kwa kuwa vijiti vya Theileria havitengeki kwa umbo, ndigana kali isitafutwe katika damu pekee. Shika mtoki uliovimba chini ya sikio au mbele ya bega, uuchome kwa sindano, uvute majimaji kidogo na kuyatandaza kwa mkono mwepesi, kwani limfosaiti, yaani seli nyeupe za mtoki, hupasuka upesi. Ukiona ndani yake skizonti, yaani mwili wa samawati wenye nukta nyingi za zambarau, katika mnyama mwenye homa na mitoki iliyovimba, umepata ushahidi thabiti kuliko vijiti vya kwenye damu. Skizonti pia hutangulia kuonekana, siku kadhaa kabla ya vijiti hivyo. Utando usio na kitu siku ya kwanza ya homa haumwachii mnyama huru. Urudiwe kesho yake.

Maji moyo hayaonekani kwa utando wa damu wa kawaida. Kwa hadubini, uthibitisho wake hupatikana kwa mzoga: kipande kidogo cha ubongo husagwa kati ya vioo viwili, hutiwa Giemsa, na makundi ya bakteria hutafutwa katika seli za kuta za mishipa midogo. Mzoga usifunguliwe kamwe ikiwa mnyama alikufa ghafla na damu isiyoganda inatoka puani, mdomoni au mkunduni, mpaka kimeta kiwe kimeondolewa katika orodha ya vinavyoshukiwa.

Maabara za rufaa, kama za Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania au zile za Kabete nchini Kenya, hufika mbali zaidi ya hadubini kwa kipimo cha PCR, ambacho hukuza kipande cha kinasaba mahususi: jeni ya p104 kwa Theileria parva, au pCS20 kwa Ehrlichia ruminantium. Damu ipelekwe katika chupa yenye EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), ndani ya kisanduku cha baridi, na isigandishwe ikiwa utando bado haujatengenezwa. Vipimo vya kingamwili, kama ELISA, huonyesha kwamba mnyama aliwahi kukutana na kimelea, na si kwamba ndicho kinachomuumiza leo.

Fomu ya sampuli iandikwe umri wa mnyama, asili yake, tarehe ya mwisho ya kuogeshwa, dawa alizopewa, na kama alichanjwa dhidi ya ndigana kali. Kipengele hiki cha mwisho ndicho huachwa wazi mara nyingi, ilhali chanjo hiyo hutolewa kwa kumwambukiza mnyama vimelea hai huku akipewa oksitetrasaiklini, na aliyechanjwa huweza kubaki na Theileria parva mwilini kwa muda mrefu akiwa mzima. PCR yake ikisoma chanya huku mitoki haijavimba na homa haipo, maabara iandike kuwa ni mbebaji, na daktari aendelee kutafuta chanzo kingine cha ugonjwa.