Kabla hujanunua pikapu mpya, jaribu haya kwenye besi yako

Wiki haipiti kabla sijaletewa gitaa la besi hapa Kayole, mwenyewe akilia kwamba halina sauti na anataka pikapu mpya, yaani kile kifaa chenye sumaku chini ya nyuzi kinachonasa mlio wake. Huwa namwambia aketi kwanza. Mengi yanatengenezeka kwa bisibisi.

Hatua ya 1: Nyuzi. Jasho na vumbi hujaa kati ya mizunguko ya uzi, sauti ikafa. Zifungue, zichemshe majini kama dakika 10, zifute, zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Mlio utachangamka tena kwa muda. Usitumie sufuria ya ugali. Mimi nilitumia, na siku hiyo sikula nyumbani.

Hatua ya 2: Kimo cha pikapu. Hapa usiwe na haraka. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vilivyolala shingoni) ya mwisho kabisa upande wa pikapu, kisha upime kwa rula nafasi kati ya uzi na sumaku. Anza na milimita 3 hivi upande wa uzi mnene, 2.5 upande wa mwembamba. Zungusha skrubu robo, piga, sikiliza, zungusha tena. Pikapu ikikaribia nyuzi, sauti hupanda na kuwa kali. Ikikaribia kupita kiasi, sumaku huuvuta uzi na noti inayumba. Niliwahi kuhangaika saa nzima nikityuni besi ya kanisa, mwalimu wa kwaya kaninunia, kumbe tatizo lilikuwa skrubu mbili tu. Kama una pikapu mbili, piga kila moja peke yake hadi zilingane kwa nguvu. Ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa besi, karibu kila mara ndiyo hutaka kuinuliwa.

Hatua ya 3: Sponji. Kata kipande cha sponji ya godoro, upana wa vidole viwili, ukichomeke chini ya nyuzi karibu na daraja. Noti zitakuwa fupi na nene. Si ujanja wa mtaani: besi za zamani za Fender zilitoka kiwandani na sponji chini ya kifuniko cha daraja. Kwa benga, besi inapokimbia, siitoi.

Hatua ya 4: Kapasita ya toni, kile kipande kidogo cha umeme kinachokata sauti kali ukifunga kitufe cha toni. Shuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi. Bei yake haitakusumbua. Nyingi za kiwandani ni 0.047 mikrofaradi, zimeandikwa 473. Ukiweka 104, yaani 0.1, ukifunga kitufe cha toni besi inakuwa nzito kabisa. Ukiweka 223, yaani 0.022, inabaki na sauti ya kati. Toni ikiwa wazi hutasikia tofauti kubwa, kwa hivyo kama hukigusi kitufe hicho, ruka hatua hii. Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, na chuma cha solda kisikae sehemu moja zaidi ya sekunde 3.

Ukiwa umefungua hapo, bandika utepe wa shaba ndani ya shimo lote linalokaa nyaya, vipande vigusane, kisha uuunganishe na waya wa athi. Utapunguza kelele za taa na chaja. Ule mvumo wa umeme wa 50 Hz kwenye pikapu ya koili moja hautaisha kwa shaba.

Usifunge kifuniko bado. Chomeka kwenye amplifaya, sauti chini, ugonge kila pikapu polepole kwa bisibisi. Zote zikijibu "ko, ko", rudisha skrubu.