Koli yako imepotea njia? Namna ya kuomba itafutwe ukiwa Lubumbashi

Usikimbilie posta bado. Anza na namba ya koli, uisome taratibu. Namba ya posta ya kimataifa ina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili tena. Ikianza na C ni koli, R ni barua ya rekomande, E ni EMS (posta ya haraka). Herufi mbili za mwisho ni za nchi ilikotoka, siyo inakokwenda. Nimeona watu wakifadhaika kwa kuona BE mwishoni, wakidhani koli imerudishwa Ubelgiji. Haijarudi, ni huko ilikotoka.

Kisha hakikisha namba yenyewe ni ya kweli, maana nyingi tunaletewa kwa WhatsApp zikiwa zimekosewa. Tarakimu ya tisa ipo kwa kazi hiyo. Tuseme umepewa CP306185473BE (nimeitunga kwa mfano). Zidisha zile nane za kwanza kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kwa mpangilio huo: 24, 0, 24, 2, 24, 25, 36, 49. Jumla ni 184. Gawanya kwa 11, inabaki 8. Kumi na moja toa 8 ni 3, na 3 ndiyo ya tisa. Namba ni nzima. Sasa aliyeandika angegeuza 18 ikawa 81, jumla ingekuwa 177, inabaki 1, jibu 10. Ukipata 10 unaandika 0, ukipata 11 unaandika 5. Sifuri siyo 3, basi mrudie aliyetuma akupigie picha ya risiti.

Namba ikiwa sawa, mwombe pia picha ya adresi. Hapa ndipo koli nyingi zinapotupotea. Congo ziko mbili: yetu ina kodi CD, ya Brazzaville ina CG. Dada yangu aliwahi kuandika "Congo" tu, na viatu vya ubatizo vya mtoto wangu vikafika na mhuri wa Brazzaville, ubatizo umeshapita. Na ninyi wa komine ya Kenya, nawaomba sana: "Kenya" isikae mstari wa mwisho, kwa sababu anayepanga mizigo Ulaya anasoma kwanza mstari huo, na nchi ya Kenya anaijua. Mwambieni mtumaji aandike "Commune Kenya", chini yake "Lubumbashi", na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, "RÉPUBLIQUE DÉMOCRATIQUE DU CONGO". Namba yako ya simu iwepo.

Sasa ombi lenyewe. Fomu inaitwa CN 08. Kwa sheria za Umoja wa Posta Duniani, koli na rekomande zinadaiwa ndani ya miezi sita, kuanzia kesho yake ya siku ya kutuma. Ukipitisha, mlango umefungwa. Mpokeaji anaweza kuomba kwenye posta ya hapa, lakini mimi ningemwachia mtumaji aombe kwao: risiti iko mkononi mwake, na fidia ikitoka kwa kawaida analipwa yeye. Akitaka ulipwe wewe, aandike kwamba amekuachia haki hiyo.

Ukiomba hapa, beba kitambulisho, kopi ya risiti, kopi ya CN 23 (ile karatasi ya duane inayotaja vilivyomo) na ile picha ya adresi. Kwenye fomu eleza koli kwa macho: rangi ya boksi, uzito, vitu vilivyomo na bei yake. "Nguo" haitoshi; andika "suruali mbili za bluu, viatu vyeusi vya mtoto". Kama lebo imebanduka, maelezo hayo ndiyo yatakayomsaidia mtu wa depo kuitambua. Kama adresi ilikosewa, sema wazi ilikosewaje, ili watafute Brazzaville au Nairobi moja kwa moja.

Usitoke dirishani bila kopi yenye mhuri na tarehe.