Kufuatilia asili ya neno hatua kwa hatua: mfano wa "assassin"

Kwa anayefasiri habari, neno la Kiingereza assassin hurudi mezani kila kiongozi anapouawa. Kwa Kiswahili tunaandika "muuaji", halafu sentensi inalazimika kueleza zaidi: kwamba aliyeuawa alikuwa mtu wa madaraka, na kwamba siasa ndiyo iliyomponza. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na sisi tunaotumia fidia na asasi kila siku tuna mahali pazuri pa kuanzia. Njia ninayoeleza hapa inafaa kwa neno lolote la mkopo.

Hatua ya 1: Andika maana ya leo kwanza

Assassin si kila muuaji. Ni mtu anayemuua mtu mashuhuri, mara nyingi kwa kumvizia, kwa ajili ya siasa, imani au malipo. Jambazi aliyemuua mwenye duka hamo. Ukishaiandika maana ya leo, rudi nyuma utafute ilipobadilika. Mwanzoni mwa karne ya 14 mshairi Dante alilitumia kwa Kiitalia kumtaja muuaji yeyote asiye na uaminifu, bila kabila wala dhehebu. Karne mbili nyuma yake lilikuwa jina la watu maalumu.

Hatua ya 2: Watafute watu hao

Ni Waismailia, dhehebu la Kishia, wa tawi la Nizari. Mwaka 1090 kiongozi wao huko Uajemi, Hassan-i Sabbah, aliitwaa ngome ya Alamut katika milima ya Alborz. Mwaka 1094 khalifa wa Kifatimi, yaani wa ukoo wa Waismailia uliotawala Misri, alifariki Kairo, urithi ukagombaniwa, na waliomuunga mkono Nizari, mwana mkubwa, wakajitenga na Kairo moja kwa moja. Hivyo wakawa na maadui pande mbili: Waseljuki waliotawala Uajemi na ndugu zao wa zamani kule Misri.

Walikuwa wachache, na jeshi la kukabili Waseljuki uwanjani hawakuwa nalo. Silaha yao ikawa mtu mmoja mwenye kisu, anayemkaribia mkubwa mbele ya watu na kwa kawaida haondoki hai. Mwaka 1092 aliuawa waziri mkuu wa Waseljuki, Nizam al-Mulk, na mauaji hayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa yao. Mwaka 1192, kwenye mji wa Tiro katika Lebanoni ya leo, watu wawili waliojifanya watawa walimchoma visu Conrad wa Montferrat, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mfalme wa Yerusalemu. Habari za namna hiyo ndizo zilizosafiri hadi Ulaya na wapiganaji wa Vita vya Msalaba.

Wenyewe walimwita mtu huyo fidai, yaani anayejitoa. Mzizi ni ule ule wa fidia yetu.

Hatua ya 3: Uliza jina limetolewa na nani

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo penye kazi. Jina la hashishiyya, ndilo lililozaa assassin, halikutoka Alamut. Tunalikuta katika miaka ya 1120 kwenye waraka uliotoka Kairo kwa khalifa al-Amir, mpinzani wao mkubwa, ukiwashambulia Wanizari wa Shamu. Anawaita hivyo bila kueleza kwa nini. (Mwaka 1130 al-Amir naye aliuawa, na waliomuua walikuwa Wanizari.) Ukikuta jina la kundi limo kwenye maandishi ya mahasimu tu, liweke chini ya kichwa cha "majina ya kupachikwa", usubiri.

Hatua ya 4: Pima herufi, usiamini sikio

William wa Tiro, mwanahistoria wa karne ya 12, aliandika kwamba hajui jina hilo limetokana na nini. Waliokuja baadaye walibahatisha. Wapo waliosema limetoka kwa Hassan, na wapo hadi leo wanaolihusisha na asas, msingi, ambalo kwetu limezaa asasi. Mswahili atalipenda hilo la pili kwa sababu linaita vizuri sikioni. Lakini Kiswahili kimezifuta tofauti ambazo Kiarabu kinazishika, kwa hiyo rudi kwenye konsonanti za Kiarabu: asas ni hamza, sin, sin, Hassan ni ha nzito, sin, nun, hashishi ni ha nzito, shin, shin. Waraka wa Kairo una shin mbili. Mwaka 1809 mtaalamu wa Kiarabu wa Ufaransa, Silvestre de Sacy, alikusanya maandishi ya Kiarabu akaonyesha hivyo hivyo, na hoja yake ya umbo la neno bado imesimama.

Mwisho wa neno nao una habari yake. Ile -in ni alama ya wingi ya Kiarabu. Wazungu waliimeza pamoja na shina, kisha wakaongeza s yao kupata wingi mwingine. Tusiwacheke: sisi tuliona ki- kwenye kitabu tukazaa vitabu.

Hatua ya 5: Tenganisha asili ya neno na kisa chake

Neno limetoka kwenye hashishi, yaani kilevi cha bangi. Je, walivuta? Kisa kinachopendwa ni cha msafiri Marco Polo: bustani ya siri, vijana wanaleweshwa, wanaamka peponi, kisha wanatumwa kuua ili warudi. Polo alipita Uajemi miaka ya 1270, na Alamut ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Wamongolia wa Hulagu mwaka 1256. Tena dawa anayoitaja haiiti hashishi. Na maandishi ya Waislamu wa wakati ule, pamoja na ya Wasunni waliowachukia, hayawashtaki mafidai kwa kulewa wanapokwenda kuua. Mtu anayeishi miezi akijifanya mtumishi ili amkaribie waziri anahitaji akili timamu.

Naona lilikuwa tusi. Mtaani ukisema "huyo kavuta bangi", hutoi ushahidi wa polisi. Unamdharau mtu na maneno yake.

Hatua ya 6: Andika kidahizo, yaani neno na maelezo yake katika kamusi

Kabla ya kuandika, kumbuka Wanizari wapo. Ni wafuasi wa Aga Khan, wale wenye hospitali Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kwa hiyo usiandike "wavuta hashishi" kana kwamba ni historia. Mimi ningeandika hivi:

assassin nm. muuaji wa kisiasa. Anayemuua mtu mashuhuri kwa kuvizia, kwa ajili ya siasa, imani au malipo. Asili: Kar. hashishi (wingi hashishiyyin), jina la dharau lililotumiwa na wapinzani wa Waismailia wa Nizari, karne ya 12. Kisa cha kutumia kilevi hakina ushahidi wa wakati huo. Tz. fidai.