Mfuko wa karatasi unaingia kifungu gani cha forodha?

Ankara ya muuzaji huandika "mifuko ya zawadi" au "vifungashio" basi, na wengi hulichukua jina hilo wakalitafutia msimbo. Jina halisaidii. Mfuko huainishwa kwa malighafi yake na upana wa kitako chake, kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu cha ushuru tafuta sampuli moja, rula, na maelezo ya kiwanda kuhusu unene wa kila tabaka.

Anzia kifungu 48.19 cha mfumo wa HS (mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha; tarakimu mbili za mwanzo ni namba ya sura), chenye maboksi, mifuko na vifungashio vingine vya karatasi au kadibodi. Mifuko ina vifungu vidogo viwili humo: 4819.30 kwa yenye kitako cha upana wa sentimita 40 au zaidi, na 4819.40 kwa mingine yote, ikiwemo iliyokunjwa umbo la pia. Hapa ndipo watu hukosea sana. Kiwanda kikiandika 32 × 12 × 41, anayeiona 41 hukimbilia 4819.30, kumbe hicho ni kimo cha mfuko. Upana ni 32 na 12 ni kunjo la ubavuni. Mfuko huo ni 4819.40. Viwanda havifuati mpangilio mmoja wa vipimo, basi pima mwenyewe.

Mpini wa kamba ya pamba, utepe au karatasi iliyosokotwa hauuondoi mfuko 48.19, wala vijicho vya chuma, kwa sababu kinachoupa mfuko sura yake ni karatasi. Nembo ya duka nayo haiupeleki Sura ya 49, ya vitu vilivyochapishwa. Sura hiyo huchukua bidhaa za karatasi ambazo maandishi au picha zake si nyongeza tu kwa matumizi yake makuu, na mfuko kazi yake ni kubeba.

Plastiki ndiyo ya kuangalia kwa makini. Dokezo la Sura ya 48 huondoa karatasi yenye tabaka la plastiki linalozidi nusu ya unene wote, pamoja na bidhaa zake. Hizo huenda Sura ya 39, ya plastiki. Karatasi ya mikroni 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) yenye filamu ya mikroni 20 haina shida. Karatasi ya mikroni 40 iliyobandikwa filamu ya mikroni 60 imeshavuka mstari, hata kama mkononi inahisika kama karatasi. Linganisha unene, si uzito.

Kifungu 42.02, cha mabegi na masanduku, nacho hutaja mifuko ya kununulia bidhaa, na Sura ya 48 hukiachia kila kilicho chake. Lakini soma orodha ya malighafi zake: kuna kadibodi, na kuna vitu vilivyofunikwa kwa karatasi, ila karatasi yenyewe haimo. Mfuko mwepesi wa karatasi anaopewa mteja dukani hubaki 48.19. Begi gumu la kadibodi, lililotengenezwa litumike muda mrefu, ndilo linalostahili kuchunguzwa chini ya 42.02. Mifuko iliyosukwa kwa vipande vya karatasi hutazamwa katika 46.02.

Mifuko iliyokuja bapa, mipini ikiwa pembeni, bado ni mifuko kwa Kanuni ya 2(a) ya kanuni za jumla za kutafsiri HS, inayohusu bidhaa zisizounganishwa. Karatasi ya krafti (karatasi imara ya kufungashia) iliyo kwenye roli, hata kama itakatwa kuwa mifuko, huainishwa kama karatasi. Na mifuko mitupu iliyowekwa ndani ya katoni ya viatu haifuati viatu: Kanuni ya 5(b) inahusu kifungashio kilichobeba bidhaa, kwa hiyo iandikie mstari wake kwenye tamko la forodha.

Tarakimu sita hizo ni za kimataifa. Zinazofuata hupangwa na kila nchi au umoja wa forodha. Kitako kikikaribia sentimita 40, au plastiki ikikaribia nusu, omba forodha uamuzi wa awali wa uainishaji kabla mzigo haujapakiwa, ukiambatisha sampuli. Kwenye tamko andika hivi: "mifuko ya karatasi ya krafti, mpini wa karatasi, kitako sm 32, bila tabaka la plastiki." Neno "vifungashio" peke yake humwalika afisa afungue kontena.