Somo: Kuirudisha DOS kwenye kompyuta ya leo, na mwendo wake wa polepole

Habari zenu wakuu. Tuliojifunza kompyuta miaka ya 1990 tunaikumbuka ile skrini nyeusi, C:\> na kimstari kinachopepesa, kikikungoja wewe useme. Ukiingiza disketi ulisikia ikikwaruza ndani, na kwa mlio tu ulijua faili linasomeka au limeharibika. Hiyo ndiyo DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri. Wengi wakiifungua leo huiendesha kwa kasi yote ya mashine mpya, na utamu wake unapotea. Mimi nataka tuirudishe na uzito wake.

Hatua ya 1. Pakua DOSBox. Ni programu ya bure inayoigiza kompyuta nzima ya zamani, na DOS yake imo humo humo.

Hatua ya 2. Tengeneza folda, mfano C:\ZAMANI, kisha ndani ya DOSBox andika:

mount c c:\zamani
c:

Kwenye Linux mstari wa kwanza ni mount c ~/zamani. Usiunganishe diski yako nzima. Ukifuta faili kwa amri ya del, hakuna kapu la taka la kulifuata.

Hatua ya 3. Pasha vidole moto:

echo Shikamoo mjomba > baruamjo.txt
type baruamjo.txt

Jina la faili lina kikomo: herufi 8 kabla ya nukta, 3 baada yake. Ndiyo maana mjomba kakatwa.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penyewe. Juu ya dirisha kuna neno cycles, yaani takriban maagizo mangapi prosesa inatekeleza kila milisekunde. Andika cycles=300 na utakuwa umeikaribia IBM PC ya 1981, yenye Intel 8088 ya 4.77 MHz. Kwa 6000 hivi unafika kwenye 386 nzuri, yaani kompyuta ya kizazi cha baadaye yenye prosesa ya Intel 386. Ctrl+F11 hupunguza, Ctrl+F12 huongeza.

Sasa weka Turbo Pascal 5.5, programu ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal, ambayo kampuni ya Borland waliitoa bure baadaye. Andika programu ya kutafuta namba tasa hadi 10,000 kwa kuigawanya kila namba kwa zote zilizo chini yake. Mwanzoni zinamiminika, halafu zinaanza kutoka moja moja, kila moja ikichelewa kuliko mwenzake. Unaiona kazi ikifanyika. Kwenye kompyuta ya leo jibu linatokea tu, hujui limetoka wapi.

MASWALI

Swali: Mkuu, gemu langu la magari linagonga ukuta kabla sijagusa kibodi. Tatizo nini?

Jibu: Gemu nyingi za mwanzo zilipima muda kwa mwendo wa prosesa yenyewe. Ndiyo maana kompyuta zilizofuata ziliwekewa kitufe cha Turbo, cha kuishusha mashine kasi. Anza na cycles=300, panda taratibu.

Swali: Nina kompyuta ya zamani ya 486 stoo, niiwashe tu?

Jibu: Ngoja! Ifungue kwanza uangalie betri ya ubao mama. Zile za umbo la pipa huvuja na kula njia za shaba. Itoe, safisha, ndipo uwashe. Ikipona, iwekee FreeDOS, DOS ya bure, mradi alioanzisha Jim Hall mwaka 1994. Ni halali kabisa.

Swali: Kaka, marehemu baba ameacha disketi za barua. Naogopa kuziharibu.

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Sogeza kile kifuniko cha bati utazame utando ndani. Ukiona madoa meupe ni ukungu, usiiingize. Ikiwa safi, fungua kile kitundu cha kuzuia kuandika, tumia kisomeo cha USB, na unakili disketi nzima kabla ya kufungua faili lolote. Kwenye Linux tazama jina la kisomeo kwa amri ya lsblk. Likiwa sdb:

sudo dd if=/dev/sdb of=baba.img

Disketi ya 1.44 ikitoka kamili, faili litakuwa na baiti 1,474,560. Lihamishie folda ya zamani, kisha kwenye DOSBox:

imgmount a ~/zamani/baba.img -t floppy
a:
dir

Pembeni ya kila barua utaona tarehe na saa aliyoihifadhi.