Semista ya Januari Marekani: jinsi ya kufika Mei ukiwa mzima kama uko mwaka wa kwanza

Wadogo zangu mliofika Agosti, tuongee. Semista ya kwanza ulipokelewa kama bwana harusi, orientesheni wiki nzima, fulana za bure, piza za bure, watu wamevaa beji wanakuuliza unatokea wapi, ukisema Tanzania wanasikia Tasmania, unacheka tu maisha yanaenda. Januari usitegemee hivo. Piza hakuna, wenzako wameshapata makundi yao, saa kumi na moja jioni nje giza, na hakuna mtu atakayekufuata kukuuliza kama umekula. Mi niliingia kichwakichwa nikaja kushtuka Machi, ndo maana naandika. Niko Minneapolis kwa iyo baridi yangu ni ya kweli, we uliyeko Texas au Florida ruka aya inayofuata.

Haya, baridi. Simu itakuonyesha Farenhaiti, we kumbuka tu 32 ndo maji yanaganda, na 0 ya kwao ni kama hasi 18 ya kwetu, na huku Januari hiyo 0 ni kawaida kabisa. Mi nilikuja na koti zito la mtumba nimelinunua Karume, nikajiona nimejipanga, kumbe koti moja kubwa halisaidii kitu kama ndani umevaa fulana ya pamba, maana pamba inanyonya jasho inabaki mbichi mgongoni ukitoka nje unaganda. Vaa nguo ya kubana ndani isiyo ya pamba, juu yake sweta, afu koti la kuzuia upepo, kichwa na masikio yafunikwe hata kama umetoka kusuka. Nywele mbichi usitoke nazo, oga usiku. Ngozi itapauka kuliko vumbi la Dodoma kwa sababu joto la ndani linakausha hewa, so paka mafuta ukitoka tu bafuni kabla hujakauka vizuri. Na kuna barafu nyembamba haionekani kabisa, unadhani ni lami imelowa, unakanyaga uko chini. Hatua fupi kama bata, mikono nje ya mifuko. Nilianguka mbele ya kituo cha basi watu kumi wananiangalia, mikono yote iko mfukoni, nilitua kama gunia la mkaa. Kama uko chuo kikuu cha Minnesota jifunze mapema Gopher Way, yale mahandaki na njia za ndani zinazounganisha majengo, unaweza kwenda pindi tatu pua haijakutana na upepo.

Sasa masomo, na hapa ndo nataka unisikilize. Semista hii inaamuliwa wiki tatu za mwanzo. Siyo Aprili, Aprili ni kuvuna tu. Wiki ya kwanza kila profesa anatoa silabasi, yaani karatasi yenye kila kitu, kwizi lini, asaimenti lini, mtihani una asilimia ngapi, kuchelewa unakatwa ngapi. Chukua zote nne au tano, kaa chini siku moja, tarehe zote ziingie kwenye kalenda moja. Utaona wiki fulani mwishoni mwa Februari ina mitihani miwili na insha, na ukiiona Januari unaweza kujipanga, ukiiona Jumapili usiku inabaki kulia. Kwetu tulizoea kupiga msuli wiki mbili za mwisho afu unapasua UE, mtihani wa mwisho wa chuo, huku mtihani wa mwisho unaweza kuwa asilimia 25 tu, zingine zimeshapita ukiwa umelala.

Wiki hiyohiyo ya kwanza au ya pili kuna dirisha la kubadilisha kozi bila alama yoyote kubaki. Kama umeingia darasa ukaona hapa siyo, toka mapema. Baada ya hapo ukidropu inabaki W kwenye transkripti, yaani alama kwamba ulijitoa, na W moja haijaua mtu, lakini angalia krediti, yaani uzito wa kozi zako. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anatakiwa abaki na krediti 12 kwa semista, ukishuka chini bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa umevunja sheria ya viza, hata kama profesa mwenyewe ndo kakushauri udropu. Profesa hajui mambo ya viza. Ofisi kwanza, kudropu baadaye.

Afu nenda kwenye saa za ofisi za profesa. Najua, kwetu ukiitwa ofisini kwa lekchara moyo unakwenda mbio. Huku yale masaa yamewekwa kwa ajili yako na mara nyingi yuko peke yake anajibu imeili. Mara ya kwanza nilisimama nje ya mlango dakika kumi kama nakwenda kuposa, nikaingia na swali moja nililoandika kwenye karatasi, nikatoka nimeelewa mada ya wiki mbili. Na kingine, mambo ya kudesa acheni. Kazi ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja, ile ya kupeana majibu ya asaimenti kwenye grupu la wasap sisi tunaita ushirikiano, wao wanaita udanganyifu na unaweza kurudishwa nyumbani kwa hilo.

Pesa. Bumu hamna huku. Kazi ya ndani ya chuo ni masaa 20 kwa wiki mwisho wakati wa masomo, na kama una kazi mbili yanajumlishwa, siyo 20 kila moja. Mishe za kupeleka oda za chakula kwa akaunti ya mshkaji msizikubali, anayekwambia wote wanafanya hatakusindikiza eapoti siku unarudishwa.

Na kodi jamani, kodi. Hii hakuna aliyeniambia. Umefika mwaka jana na F-1, hata kama hujafanya kazi siku moja, unatakiwa kutuma fomu 8843 kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya huku, ni kurasa mbili tu, mwisho 15 Juni kama hukuwa na kipato. Kama ulifanya kazi, mwajiri anatakiwa kukutumia W-2, karatasi ya mshahara wako na kodi uliyokatwa, mwisho wa Januari, unajaza 1040-NR, fomu ya kodi ya wasio wakazi, pamoja na hiyo 8843, mwisho 15 Aprili. Zile programu za kodi za matangazo ya tivii nyingi ni za raia na wakazi, ukijaza fomu ya mkazi umejitangaza kuwa siyo ulivyo, kwa iyo uliza chuo wanatumia programu gani ya wageni, vyuo vingi wanakulipia sehemu ya federali, yaani ya kodi ya serikali kuu. Tazama pia pei slipu yako, mwanafunzi wa F-1 ndani ya miaka mitano ya mwanzo kwa kawaida hakatwi Social Security wala Medicare, yaani makato ya pensheni na bima ya afya ya wazee, ukiona wamekata kawaambie watu wa mishahara warekebishe.

Chakula sina mengi. Plani zingine za bwalo zinahesabu milo kwa wiki na usipokula inapotea, so Ijumaa bebeni matunda. Ugali: unga wa mahindi wa supamaketi mwingi ni wa njano na ladha siyo, tafuta duka la Waafrika. Huku kwetu Wasomali wametuokoa, unaenda Karmel Mall, sambusa za moto, chai ya viungo, wali na ndizi mbivu pembeni, usishangae ndizi, kula nayo hivohivo. Na mwenye kufunga, mwezi wa Ramadhani siku hizi unaangukia katikati ya semista hii, waambie watu wa bwalo mapema, sehemu nyingi wanafungasha daku ukiomba.

Februari utajisikia vibaya. Nasema utajisikia, siyo labda. Jua hulioni, kila mtu yuko chumbani, nyumbani wanapost wako ufukweni Coco wanakula mihogo. Mi nililala masaa 12 kwa siku wiki mbili nikadhani ni uvivu. Kwenye ada yako mara nyingi imo huduma ya ushauri nasaha, nenda tu, haimaanishi umechanganyikiwa, na jiwekee kitu kimoja cha wiki chenye watu, mpira wa ndani, kwaya, msikiti, chochote. Na Jumapili ya pili ya Machi saa za huku zinasogezwa mbele, kwa iyo mama uliyekuwa unampigia saa tano asubuhi yako akiwa saa mbili usiku, sasa utampigia saa sita mchana. Mi nilisahau, nikampigia lisaa zima kabla ya muda wetu, mama akashtuka akidhani nimepata ajali.

Likizo ya Machi ni wiki moja. Wenzako wanakwenda baharini, we uliza kwanza kama hosteli yako inabaki wazi maana zingine zinafungwa kabisa. Na kama unawaza kwenda Bongo Mei, usikate tiketi kabla hujakaa na ofisi ya kimataifa, sahihi ya kusafiri kwenye I-20, ile fomu ya chuo inayoonyesha we ni mwanafunzi wao, ni ya mwaka mmoja na mambo ya viza siku hizi yanabadilika ghafla. Aprili unajiandikisha kozi za Septemba, ingia kwenye akaunti siku chache kabla uone kama kuna deni dogo limekufungia, mi nilifungiwa kwa faini ya kitabu cha laibrari, nikakuta darasa nililolitaka limejaa.

Mei mtihani wa mwisho ukiisha unaweza kupewa siku moja tu kuhama. Anza kufungasha mapema, tafuta mtu mwenye stoo, afu siku hiyo pita nyuma ya hosteli kwenye mapipa makubwa. Watoto wa watu wanatupa zulia, taa, maikrowevu, mashuka hayajafunguliwa. Nenda asubuhi na mshkaji mwenye gari. Friji langu nililiokota pale, mwaka wa pili huu linagandisha.